Ukurasa wa Tisa wa Mizani

Kikuku cha Asajile kilibadilika rangi mkono wake ukiwa mezani, kati ya bakuli la magimbi na kikombe cha chai, mbele ya watu watatu walioizunguka meza. Asubuhi yote kilikuwa kijani. Sasa kilikuwa chekundu kama tofali lililotoka tanuruni.

Bi Atuganile alisoma namba kwenye kishikwambi chake, akafuta kioo kwa upindo wa khanga, akaisoma tena. Ilikuwa ileile.

"Sitini na moja," alisema.

Alikuwa karani wa Mizani kwa miaka kumi na minne, na kata nzima ya Lupande ilikuwa yake, nyumba kwa nyumba. Kila mwaka alipita na kurasa zake kumi na mbili za maswali, akiuliza vijana wanalala saa ngapi, wanakula na nani, wamegombana na nani. Majibu yalipanda mlimani kwenye jengo la Mizani, na Mizani ikarudisha uzito wa kila kijana, kuanzia miaka kumi na miwili mpaka ishirini na mitano. Uzito ulikuwa kadiri ya kosa ambalo kijana huyo bado hajalifanya. Bi Atuganile alijizoeza kuutaja kwa sauti ileile ambayo mtu huombea maji ya kunywa, maana aliona watu huanza kuiogopa sauti kabla hawajaiogopa namba.

"Mpaka ni sitini," alisema baba wa Asajile, fundi pampu aliyeitwa Mwakyoma.

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo imezidi moja tu."

"Moja tu."

"Na wewe, mama, kwa kupanda na kushuka milima yote hii, huwezi kuidondosha hiyo moja njiani?"

Alisema kama mzaha, lakini vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa meza. Bi Atuganile hakucheka. Chai ya Mwakyoma ilikuwa imepoa, ya kwake bado ilikuwa na mvuke. Alibadilisha vikombe taratibu, akampa cha moto.

Leo ilikuwa Jumanne. Ijumaa gari la Bweni la Ng'ambo lingepita kuchukua waliovuka sitini, na wangekaa huko miaka mitatu. Bwenini hakuna aliyepigwa. Vijana walilala kwenye vitanda safi, walifundishwa ufundi, walikula mara tatu kwa siku. Walirudi wamenyooka. Walirudi wakiomba ruhusa kabla ya kufungua dirisha la nyumba yao wenyewe.

Asajile alikuwa na miaka kumi na saba. Mwezi uliopita alichomoa betri ya mkokoteni wa Mzee Andendekisye, ule unaojiendesha wenyewe ukibeba majani ya chai kutoka mashambani. Siku ya pili aliirudisha, akaifunga vizuri kuliko ilivyokuwa. Lakini Mzee alikuwa ameshafika ofisini, na jambo la ofisini hupanda mlimani siku hiyohiyo. Katika hesabu ya mwaka iliyotoka leo, liliongeza nane.

Bi Atuganile alipoaga, kijana alimtangulia kwenye njia ya utelezi. Hakuombwa. Kila palipokuwa na tope alikanyaga kwa nguvu mpaka kisigino kikaacha ngazi, kisha akasubiri mama huyo aweke mguu wake hapo.

"Bibi Karani," alisema walipofika barabarani. "Naomba kuuliza. Kama ningekuwa msichana, ingesoma ngapi?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Bi Atuganile alikaa juu ya jiwe, akafungua kurasa za Asajile, akaacha kila jibu kama lilivyo: nyumba ileile, baba yuleyule, betri ileile. Akabadilisha kisanduku kimoja tu. Kishikwambi kilifikiri kidogo.

"Ishirini na tano," alisema. Angeweza kumficha, lakini alikuwa ameulizwa kwa adabu.

Asajile alitikisa kichwa polepole. "Basi ningevaa gauni tangu zamani," alisema, akarudi nyumbani.

*

Mama Tumpe alikuwa anachambua mchicha alipoona uso wa rafiki yake, Bi Atuganile, mlangoni, akasogeza kigoda kwa mguu bila kuuliza. Jiko lake lilikuwa kubwa kuliko sebule yake. Kwa miaka mingi ndilo lililokuwa jiko la kuketi.

Wanawake wote wa Lupande walijua maana yake. Msichana akiiba, akipiga, akichoma kitu cha mtu, hapelekwi ofisini. Huletwa jikoni, mlango hufungwa, na aliyekosewa huitwa. Msichana husema kwa kinywa chake alichofanya. Halafu hupika, na aliyekosewa hula alichopika. Baada ya hapo, kwa miezi mingi, kila mwanamke anayekutana naye njiani humwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi, mpaka azoee kwamba kuna mtu anayetaka kujua. Yaliyosemwa hayatoki. Hata baba wa nyumba huambiwa tu kwamba wanawake wana shughuli.

Mvulana hakuletwa. Mvulana alipelekwa ofisini, kwa kuwa watu waliamini mvulana anapaswa kuzoea kusimama mbele ya watu.

"Ukurasa wa tisa," alisema Bi Atuganile.

Mama Tumpe aliacha mchicha. "Una nini?"

"Makosa yaliyosuluhishwa nyumbani. Miaka kumi na minne nimeuacha mtupu kwa kila msichana. Mimi na makarani wote. Hatukukubaliana hata siku moja, kila mmoja aliruka tu. Nani angeandika mambo ya jikoni?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo Mizani inaamini wasichana wa Lupande hawajawahi kukosa. Na kwa kuwa wavulana wanakosa na wasichana hawakosi, na nyumba ni zilezile, imeona kosa liko kwenye uvulana wenyewe. Inawaanzishia arobaini kabla hawajainua mkono. Wasichana inawaanzishia nne."

Mama Tumpe aliosha mchicha, akautia kwenye maji yaliyokuwa yanachemka.

"Sisi tuliwaonea huruma watoto," alisema mwishowe.

"Tuliwaonea huruma nusu yao."

"Sasa unataka uandike? Uwaandike mabinti zetu, wote, wapande mlimani? Wengine wameolewa, Atuganile. Wengine ni walimu. Wengine wana miaka kumi na mitano tu, na gari lina viti vingi."

"Najua."

"Mimi nina njia fupi. Andika kwamba ya Asajile ilisuluhishwa hapa. Mimi ni shahidi. Ya nyumbani huhesabiwa nusu, si ndiyo? Nane inakuwa nne. Kijana anabaki."

Ilikuwa kweli. Sitini na moja ingekuwa hamsini na saba, na Mizani isingeuliza zaidi. Bi Atuganile alikitoa kishikwambi kwenye mkoba, akakiweka gotini. Ukurasa wa tisa wa Asajile ulikuwa mweupe, ukisubiri mstari mmoja.

"Na mwakani?"

"Mwakani tutadanganya tena."

"Mwakani nitakuwa na miaka sitini na miwili, na wanawake hawajaacha kuzaa wavulana. Nitadanganya kwa wangapi? Kwa wale ninaowapenda?" Alikizima kishikwambi. "Tuhesabu kwanza. Bila majina."

Walihesabu mpaka jua likahamia upande wa pili wa mlango. Mama Tumpe alikumbuka kwa chakula: yule aliyeunguza maharage, yule aliyelia mpaka chumvi ikazidi. Walifika sitini na wawili katika kata yao peke yake. Kisha wakahesabu waliorudia kosa, na hapo walihesabu mara tatu, maana hawakuamini.

Walikuwa watatu.

*

Jengo la Mizani lilitoa joto usiku na mchana, na katika milima ile ya baridi joto halikupotea bure. Msimamizi wake, Dkt. Sekela Mwangoka, aliruhusu wachuma chai waanike masweta yao kwenye ukuta wa nyuma. Jumatano asubuhi yalining'inia hapo kama arobaini, na Bi Atuganile alipita katikati yake akinusa sufu na moshi.

"Shikamoo, mama," alisema Sekela, akisimama.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza jambo la shule, univumilie. Mizani ilijuaje kwamba mvulana anaanza na arobaini?"

Sekela alikuwa na miaka ishirini na sita, na alipenda kuulizwa. Alivuta kiti akakaa karibu naye, si ng'ambo ya meza.

"Haikuambiwa, mama. Ilitafuta yenyewe. Inachukua mvulana na msichana wa nyumba zinazofanana, shule moja, chakula kilekile, marafiki wa aina moja. Inaondoa kila kinachofanana. Wavulana wanabaki na makosa mara tisa ya wasichana. Inaondoa tena, wanabaki mara tisa. Mwisho hakuna kingine cha kuondoa isipokuwa jinsia. Basi inasema ni hiyo."

"Na kama kuna kitu ambacho haikupewa?"

"Basi inakibandika juu ya kilicho karibu. Haina namna nyingine. Lakini kurasa ni kumi na mbili, mama. Tumeuliza kila kitu."

"Mliuliza. Sisi hatukujibu."

Akamweleza ukurasa wa tisa. Alieleza polepole, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mwingine. Alitaja wale sitini na wawili, na watatu waliorudia. Alitaja pia wavulana thelathini na wanane wa kata yake waliokwenda Bwenini, ambao kumi na mmoja wao walikosa tena baada ya kurudi.

"Kwa makosa mazito kuliko ya wasichana?"

"Mengine mepesi. Asajile alirudisha betri. Mmoja wa wasichana alichoma banda."

Sekela aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Alikuwa ameelewa haraka kuliko Bi Atuganile alivyotarajia, na kuelewa huko hakukumpendeza.

"Mizani haipokei hesabu isiyo na majina," alisema. "Ila kuna Kanuni ya Kumi na Saba. Kosa moja lililofichwa likithibitishwa, kitabu chote cha karani huyo husimamishwa mpaka kata ipimwe upya. Uzito wa kila mtu katika kitabu hicho hufutika kwa muda. Pamoja na wa Asajile." Akageuza uso kwenye ukuta. "Linatakiwa jina moja tu. Mwenyewe akiri, au shahidi aape."

Jina lilikuwepo. Bi Atuganile hakuhitaji hata kulitafuta. Miaka kumi na miwili iliyopita, msichana wa miaka kumi na minne aliiba vishikwambi vinne vya shule, na mlinzi, Mzee Kalebu, alipomzuia getini, alimpiga jiwe la paji la uso. Kidonda kilishonwa nyuzi saba. Wanawake waliketi naye siku mbili. Akahukumiwa kuosha kidonda cha mzee kila asubuhi kabla ya shule mpaka kipone, na Mzee Kalebu, akiwa na bandeji kichwani na hana la kufanya, alimsikiliza hesabu zake za kuzidisha. Kidonda kilipopona msichana aliendelea kwenda. Alikwenda mpaka mzee alipofariki, na ndipo ilipojulikana kwamba hakuna mtoto Lupande aliyejua hesabu kama Sekela Mwangoka.

Walikuwa wawili tu chumbani, na wote wawili walikuwa wanamfikiria mtu yuleyule.

"Nipe jina moja, mama," alisema Sekela. Alikuwa anautazama ukuta.

"Silitoi."

"Huna?"

"Ninayo mengi. Lakini yaliyosemwa jikoni hayakusemwa ili niyatumie. Mtoto alilia mbele yetu kwa kuwa tulimwahidi." Alifunga mkoba wake. "Kesho baraza linakaa. Nitasema nilichofanya mimi. Langu ninaweza kulitoa."

"Halitatosha. Wewe si mmoja wa waliopimwa katika kitabu hicho. Kijana ataondoka, na wewe utapoteza kazi."

"Huenda. Ila watakuwa wameambiwa, na asubuhi ya Ijumaa hakuna atakayepandisha mtoto garini akidhani ni damu yake ndiyo mbaya."

Mvua ilikuwa imeanza. Sekela alimsindikiza mpaka mlangoni, akampa mwavuli wake, kisha akasimama pale mlangoni, mabega yakilowa, mpaka mama yule akapotea kwenye kona.

*

Ukumbi wa baraza ulijaa Alhamisi. Mwenyekiti, Bwana Gwakisa, hakuwa mtu mbaya. Kabla ya Mizani duka lake lilivunjwa mara tatu, na ndugu yake alichomwa kisu sokoni na vijana walioitaka simu yake. Aliyakumbusha hayo kabla ya kumpa Bi Atuganile nafasi, na hakuna aliyempinga, maana ilikuwa kweli. Wanawake walitoka sokoni jioni bila kuogopa tangu Mizani ilipokuja.

Bi Atuganile alisimama. Mwakyoma na mwanawe walikaa mstari wa mbele, kijana akiwa ameficha kikuku chake chekundu ndani ya mkono wa sweta.

"Mimi ni karani wenu," alisema, "na kwa miaka kumi na minne nimewaletea kitabu chenye ukurasa wa uongo."

Alieleza. Hakupandisha sauti wala hakuomba msamaha mara mbili. Alipotaja jiko, wanaume walianza kugeuza shingo kuwatazama wake zao, na wake zao wakatazama mapaja yao.

"Kumbe siku zile zote mlikuwa mnapika nini?" aliuliza mwanamume mmoja nyuma, na watu wakacheka, lakini si kwa muda mrefu.

"Sitini na wawili," alisema Bwana Gwakisa. "Majina?"

"Sitoi majina, mwenyekiti."

"Unataka tuamini watu sitini na wawili wasio na sura."

"Sura wanazo. Wengine wamekaa humu, wamekuja kuwatetea au kuwalaumu wavulana. Wanatembea, wana watoto, wanalima, wanawafundisha wanenu kusoma. Hakuna aliyewapeleka popote."

"Basi dawa ni rahisi. Tuwapime na wasichana sawasawa. Anayevuka sitini aende Bwenini, awe nani."

Wengi walinong'ona kukubali. Ilisikika kama haki. Bi Atuganile alilitarajia neno hilo tangu Jumanne, na usiku wa siku mbili alikuwa ameligeuza na kuligeuza.

"Ukitaka usawa wa namna hiyo utaupata," alisema. "Lakini sikuja kuwaambia kwamba wasichana ni wabaya kama wavulana. Nimekuja kuwaambia kwamba wasichana walikosa, wakaketiwa, wakaulizwa, wakafuatiliwa, na wakaacha. Watatu tu walirudia. Wavulana walikosa, wakahesabiwa. Huwezi kumpima mtu uliyemwacha barabarani, halafu useme amezaliwa barabarani."

Labda Bwana Gwakisa alikuwa karibu kukubali. Lakini alikuwa na kanuni mezani, na kanuni ilitaka jina.

"Mama, nakuheshimu. Umenizidi umri na umenizidi kazi. Lakini bila jina, haya ni maneno. Kwa hiyo baraza linaamua kwamba kijana Asajile Mwakyoma..."

"Andika langu, mwenyekiti."

Sekela alikuwa amesimama kando ya ukuta, mahali wanaposimama wataalamu wanaposubiri kuulizwa swali. Alitembea mpaka mbele. Hakumtazama Bi Atuganile.

"Sekela Mwangoka. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliiba vishikwambi vinne vya shule, na nikampiga Mzee Kalebu kwa jiwe. Ilisuluhishwa nyumbani. Karani huyu alikuwepo, na hakuandika."

Bwana Gwakisa alivua miwani. "Kalebu alituambia alianguka kwenye ngazi za kanisa."

"Aliombwa aseme hivyo."

"Na akakubali?"

"Alisema kanisani ndipo pazuri pa kuanguka."

Hakuna aliyecheka safari hii. Sekela aligusa ukuta wa ukumbi, ukawaka, na mbele ya watu wote akafungua kurasa zake mwenyewe za mwaka ule. Katika ukurasa wa tisa aliandika mistari miwili. Mizani, iliyokuwa mlimani ikiwakaushia watu masweta, ilifikiri kidogo, kisha namba ikatokea ukutani, kubwa kuliko kichwa cha mtu.

Sabini na tatu.

"Ningekwenda," alisema Sekela. "Na leo hii kungekuwa na mtu mwingine wa kuwaeleza namna mashine hii inavyofanya kazi. Pengine angeeleza vizuri zaidi. Sijui. Najua tu kwamba nilipokuwa na sabini na tatu, kuna mtu aliniuliza kila siku natoka wapi."

Chini ya namba yakatokea maneno kwamba kitabu cha Karani wa Lupande kimesimamishwa. Vikuku vya kata nzima, vya kijani na vyekundu, viligeuka kijivu kwa pamoja, na vijana walianza kunyanyua mikono yao na kuitazama kama ya wageni. Asajile alitoa mkono wake kwenye sweta. Mwakyoma aliushika ule mkono, akakaa nao hivyo, mbele ya wanaume wenzake, kikao chote kilichobaki.

Bwana Gwakisa alisoma kanuni mara mbili, akatangaza kwamba gari halitapita Lupande kesho. Akatangaza pia kwamba karani aliyeficha hawezi kubaki karani. Bi Atuganile alikuwa tayari. Alikikabidhi kishikwambi kikiwa kimefutwa kioo na kimejaa chaji, maana hakupenda yeyote aanze kazi na kifaa kinachozimika.

"Na betri ya Mzee Andendekisye?" aliuliza mwenyekiti. "Kosa lilifanyika. Ofisi haina uzito wa kulihukumu. Nani analichukua?"

Kisha Mama Tumpe akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na wasiojua kazi, "Aje jikoni. Jumamosi, saa nne asubuhi. Na asichelewe, nina shughuli zangu."

*

Hakuna aliyejua pa kuanzia. Wasichana walikuwa na mwanzo wao: huachwa walie kwanza. Asajile hakulia. Alisimama karibu na ukuta, mikono mgongoni, kama anayesubiri kupigwa. Mzee Andendekisye alikaa kwenye kigoda kifupi, magoti karibu na kidevu, kofia mapajani, akitazama masufuria yaliyotundikwa kana kwamba yangemwangukia. Mwakyoma aliishia kizingitini.

"Ingia au toka, baba," alisema Mama Tumpe. "Unatuzibia mwanga."

Akaingia.

"Sema ulichofanya," Bi Atuganile alimwambia kijana.

Alisema. Hakuzungusha maneno, na hakuchukua hata dakika. Kisha akapewa kisu na mkungu wa ndizi mbichi, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyofuata, na Mama Tumpe akajiandaa kumwelekeza.

Asajile alijipaka mafuta viganjani ili utomvu usimshike. Akakata ncha, akachana ganda kwa mstari mmoja, akalivua lote, akadondosha ndizi kwenye maji kabla haijaanza kuwa nyeusi. Ya pili. Ya tatu. Wanawake wawili waliacha kila walichokuwa wanafanya.

"Nani kakufundisha?" aliuliza Bi Atuganile.

"Mwenyewe, bibi. Tangu mama alipofariki. Mwaka wa nne huu."

"Na betri yangu," alisema Mzee Andendekisye ghafla, maana alikuwa amelibeba swali hilo mwezi mzima na ofisini hakuna aliyelihitaji, "ulikuwa unaitaka ya nini?"

Kisu hakikusimama.

"Sikuwa naitaka, babu. Wenzangu huniita Mke wa Mwakyoma. Kwa sababu napika na nafua. Walisema kama mimi ni mwanamume nikaichomoe mchana, watu wakiona. Nikaichomoa."

"Halafu ukairudisha."

"Walikuwa wameshaona."

Katika kurasa zote kumi na mbili hakukuwa na mahali pa kuandika jambo hilo. Bi Atuganile alizipitia kichwani moja moja, na hakupaona.

"Hukuniambia," alisema Mwakyoma.

"Hukuuliza, baba." Kijana alilisema bila ukali wowote, kama mtu anayetaja saa.

Mwakyoma alitafuta kisu kingine kwenye kikapu, akakaa sakafuni kando ya mwanawe, akachukua ndizi. Aliivua vipande vipande, na nusu ya nyama ikaenda na ganda.

"Ni wangapi hao wenzako?" aliuliza Mzee Andendekisye.

"Watano."

"Nawajua. Huning'inia kwenye mkokoteni wangu kila jioni. Waambie Jumamosi ijayo saa nne waje hapa, kila mmoja na kisu chake."

"Jiko langu halichukui watu wote hao," alisema Mama Tumpe.

"Tutakaa uani. Ndizi nitaleta mimi." Alikuwa ameshavuta moja kutoka kwenye mkungu, na utomvu ulikuwa umeanza kumganda vidoleni, mweupe na wa kunata, naye akijifanya haoni. Asajile, bila kuinua macho, alimsogezea kikopo cha mafuta.